Swali la Kivukoni

Picha ilipoacha kupanda na kutulia kwenye kioo cha televisheni, Javan aliona watu watatu wamesimama kando ya mto, na bisibisi ikamponyoka mkononi.

Wa kwanza alikuwa kijana mwenye upanga. Wa pili alikuwa mzee mwenye kofia pana iliyomficha macho. Wa tatu alikuwa mwanamke aliyejitanda nguo ya samawati kuanzia utosini hadi miguuni, ameegemea fimbo, uso ameuelekeza ng'ambo. Maji yalikuwa yakienda. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba maji yalikuwa yakienda. Alipowaona watu hao mara ya mwisho, miaka kumi nyuma, mto ulikuwa mistari minne iliyotulia kama kamba za kuanikia nguo, nao wenyewe walikuwa vijisanduku vya rangi vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine. Sasa walikuwa na vidole. Mwanamke alikuwa na uso.

"Imeshika?" Mzee Kiarie aliuliza kutoka mlangoni, alikoketi na redio ya mteja magotini.

"Imeshika," Javan akajibu, na papo hapo akauzima mtambo.

Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa Novemba, mwaka wa tisini na saba, mwaka ule mvua iliponyesha mpaka watu wakachoka kuizungumzia. Karakana ya Mzee Kiarie ilikuwa Kariobangi, imebanwa kati ya wafua masanduku na wachomeleaji wa milango, na Javan alikuwa amefanya kazi humo miaka mitano. Mtambo ule uliletwa asubuhi hiyo na Hared, mfanyabiashara wa Eastleigh aliyekuwa akifungua chumba cha TV gemu, vijana walipie kucheza michezo kwenye televisheni. Ulikuwa umenunuliwa Dubai, na kila ulipounganishwa na televisheni za hapa, picha ilipanda bila kikomo na rangi haikuonekana. Hared aliacha pia kaseti moja ya kujaribia. Alieleza kwamba ni mchezo wa zamani uliotengenezwa upya: picha mpya, muziki mpya, na maneno yaliyokuwa ya Kijapani sasa yamewekwa kwa Kiingereza. Angekuja kuuchukua Alhamisi alasiri.

Alhamisi hiyohiyo, kabla ya jioni, Javan alitakiwa awe ametia sahihi karatasi hospitalini.

Dada yake, Nafula, alikuwa amelazwa siku ya saba sasa. Alikuwa mkubwa wake kwa miaka sita, naye ndiye aliyemlea; alifanya kazi katika kiwanda cha plastiki mtaani Baba Dogo na kukaa mtaa wa Lucky Summer na mumewe, Bwire. Rovu lilianza kama tonge dogo shingoni mwake, akalificha kwa kitambaa. Mwaka huu lilikua kwa kasi na kulibana koo, hata pumzi yake ikawa na mluzi na usiku akalazimika kulala ameketi. Madaktari walipanga kumpasua Ijumaa. Lakini hospitali ile ilitaka sahihi mbili, ya mgonjwa na ya jamaa yake, na Bwire, aliyekuwa dereva wa lori, alikwama mahali fulani katika barabara ya Mombasa baada ya daraja kuchukuliwa na mafuriko. Hakukuwa na habari zake. Baba yao alikwisha kufa. Alibaki Javan.

Javan alikwenda wodini mara tatu na mara tatu akatoka bila kutia sahihi. Mara ya kwanza alisema amesahau kitambulisho. Mara ya pili alisema ni vizuri amtafute kwanza baba mdogo kule Bungoma. Mara ya tatu hakusema kitu. Alisubiri Nafula afumbe macho, akaondoka. Muuguzi alikuwa amemweleza bila kuficha kwamba karatasi isipotiwa sahihi ifikapo Alhamisi jioni, nafasi ya Ijumaa atapewa mgonjwa mwingine, na nafasi iliyofuata ilikuwa ya mwezi wa Februari. Kama koo la Nafula lingengoja hadi Februari, hakuna aliyesema.

Kila alipoisogelea karatasi ile, kidole gumba chake cha kulia kilikufa ganzi.

*

Mwaka wa themanini na saba, walipokuwa wakiishi katika ploti moja ya vyumba vya kupanga hapo Kariobangi, jirani yao Gichuru alikuwa dereva wa mhandisi Mjapani. Mhandisi aliporudi kwao alimwachia Gichuru televisheni ya rangi na mtambo wa TV gemu wenye kaseti moja. Gichuru hakuwa na mtoto, wala hakuupenda upweke, basi likizo ilipofika aliuacha mlango wazi, na Javan, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, akawa anashinda humo. Nafula alikuja jioni akitoka kibaruani, akaketi nyuma yake.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kusafiri. Watu watatu walitembea kijiji hadi kijiji, wakipigana na majitu porini, wakinunua dawa, wakiongea na kila waliyemkuta. Waliyoyasema yalitokea ndani ya kisanduku cheusi kwa maandishi ambayo hapana mtu hata mmoja Kariobangi nzima aliyeweza kuyasoma. Kwa hiyo Javan na dada yake walijitungia. Mwenye ndevu alikuwa chifu, akiwabariki. Aliyejificha nyuma ya nyumba alikuwa mwizi. Na mwanamke wa samawati, aliyeponya majeraha ya wenzake kwa kuinua fimbo, walimwita Mama, kwa sababu mama yao, Nabalayo, alijifunga leso ya rangi hiyohiyo shingoni kila alipokwenda sokoni kuuza viazi vitamu. Mama alipoambiwa alicheka. Tangu hapo kila jioni aliuliza kama yule mwenzake ameuza chochote.

Walifika mtoni siku moja ya Agosti, saa sita mchana. Nafula alikuwa kazini, Gichuru amelala, Javan yuko peke yake mbele ya kioo. Mwanamke wa samawati aliwageukia wenzake. Kisanduku cheusi kikafunguka, yakatoka maandishi, kisha maneno mawili, moja juu na moja chini, na mshale mdogo ukimetameta kando ya lile la juu. Javan alikuwa ameyaona maneno hayo mawili mara nyingi. Mtu ukitaka kununua dawa, yalitokea. Ukitaka kulala nyumba ya wageni, yalitokea. Siku zote alibonyeza la juu na siku zote likaleta heri.

Alibonyeza la juu.

Mwanamke hakutembea, wala hakuanguka. Alikuwepo, kisha hakuwepo. Javan aliwarudisha wale wawili waliobaki katika kila kijiji walichopita, akamtafuta nyuma ya kila nyumba mpaka macho yakamwasha. Siku mbili baadaye mama yake alipelekwa hospitalini kupasuliwa rovu, na hakutoka.

Mtoto alijumlisha mambo hayo mawili na kupata jibu. Kwa kuwa hakumwambia mtu, hakutokea wa kumsahihisha. Gichuru alihama na mtambo wake mwaka uliofuata. Javan akakua, akajua kusoma mizunguko ya umeme na kufufua televisheni ambazo wenyewe walikuwa wamezikatia tamaa, na akilini alijua vizuri kwamba kitufe cha mchezo hakiui mtu. Lakini hofu ile haikukaa akilini. Ilikaa kidoleni. Akawa mtu wa "tutaona" na "labda kesho". Mteja alipomwuliza kama redio itapona, alisema atajaribu. Nduta wa Mathare, aliyempenda kwa moyo wake wote, alimngoja miaka miwili ajibu swali moja tu, kisha akaolewa Nyeri.

*

Siku ya Jumanne alimwomba Mzee Kiarie ruhusa ya kuuacha mtambo ukiwaka mchana kutwa, aone kama picha itayumba ukipata moto. Mzee Kiarie hakuona ubaya; mtambo wa kigeni usipojaribiwa kwa muda mrefu humrudia fundi na matusi juu. Hivyo Javan akasogeza kigoda, akatandika gunia dhidi ya unyevu wa sakafu, akaanza safari upya.

Mwanzoni kabisa mchezo ulimtaka awape wale watu majina. Wawili aliwapa upesi. Kwa mwanamke, mkono wake ulisimama. Alijaribu kuacha nafasi tupu, mchezo ukakataa. Kila jina lililomjia lilikuwa la mtu: la dada, la shangazi, la jirani, la mwanamke anayeuza chai hapo nje. Mwisho aliandika ZZZ, jina ambalo hapana mtu duniani aliyeitwa, na hata hivyo akaliangalia kwa muda, akihofu asije akawa amemkosea mtu asiyemjua.

Kisha akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kukisogelea kioo. Yule mwenye ndevu hakuwa akiwabariki; alikuwa akilalamika kwamba visima vya kijiji vimekauka. Yule mwizi nyuma ya nyumba alikuwa baba aliyefiwa na mtoto, asiyetaka kuonekana akilia. Kijiji kizima walichokuwa wakikipita wakicheka, yeye na Nafula, kilikuwa kikiomba msaada, na wao walikuwa wamekipita mara ishirini, wakinunua dawa na kwenda zao. Hapakuwa na jambo hata moja walilolielewa sawasawa. Alitarajia kusoma kungempunguzia hofu. Badala yake kila sentensi ilimwongezea. Kama yote hayo waliyaelewa visivyo, je, kule mtoni alikuwa amekubali nini?

Siku ya Jumatano, saa ya kuwatazama wagonjwa, alikwenda wodini. Nafula alikuwa ameketi kitandani na mito miwili mgongoni, mdomo wazi kidogo, akivuta hewa kama mtu anayenyonya maji kwa mrija mwembamba. Mluzi wa pumzi yake ulisikika tangu mlangoni. Karatasi ilikuwa juu ya kabati dogo, chini ya kikombe, na sahihi yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kuwekwa, kwa mwandiko wa mviringo aliomfundishia Javan kuandika.

Nafula alimwuliza kama amekuja na kalamu. Javan akasema atakuja nayo kesho, akitoka kazini, bila kukosa. Nafula aliitikia kwa kichwa. Hakumlaumu. Aliuweka mkono wake juu ya wa ndugu yake, na Javan aliusikia ulivyokuwa wa moto, akajikuta anahesabu pumzi zake: moja, kimya, mbili, kimya, tatu. Alipotoka nje mvua ilikuwa ikimwagika, naye alitembea hadi Kariobangi bila kujikinga, akisikia mluzi ule masikioni mwake mwote.

*

Alhamisi mvua iliangukia mabati kwa kishindo kiasi kwamba Javan alicheza bila kuusikia muziki. Aliupita mlima, akalipita pori la majitu. Saa tano na nusu aliona mto kwa mbali, mstari mweupe mwisho wa nyika, na umeme ukakatika.

Alikaa mbele ya kioo cheusi muda wa saa mbili. Mzee Kiarie alimletea chai, ikapoa. Angeweza kuondoka wakati huo, akatie sahihi. Alijiambia hivyo, akajiambia tena, na miguu haikunyanyuka. Alijua sasa alichokuwa akikiogopa, na hakikuwa jina aliloliandika mchezoni wala rangi ya nguo. Aliogopa kwamba karatasi ile na kisanduku kile vilikuwa kitu kimoja kinachomfuata, na kwamba akikubali mara ya pili atakuwa hana hata kisingizio cha utoto.

Saa saba na nusu taa ziliwaka. Mtambo ulikuwa umehifadhi safari mahali pa mwisho alipopumzika, karibu na mto. Akatembea.

Mwanamke alisimama kivukoni, akawageukia wenzake. Uso wake ulikuwa wa makamo, umechoka, wenye mikunjo miwili kando ya mdomo ambayo vijisanduku vya zamani visingeweza kuionyesha. Kisanduku cheusi kikafunguka. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza chepesi cha shule ya msingi, na Javan aliyaelewa bila kuyarudia, ingawa aliyarudia:

Safari yangu inaishia hapa. Nanyi bado mna njia ndefu. Je, mtaniruhusu niende?

Ndiyo, lilisema neno la juu. Hapana, lilisema la chini.

Basi ni hilo alilolikubali. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alishusha mshale, akabonyeza la chini. Mwanamke akainamisha kichwa. Maandishi yakasema kwamba mto unajaa. Kisha yakauliza: Je, mtaniruhusu niende?

Hapana. Mto unajaa. Je, mtaniruhusu niende?

Hapana.

Alibonyeza mara kumi, mara ishirini, akitumaini kwamba mahali fulani mbele, baada ya kukataa kwingi kuliko uvumilivu wa mtu wa kawaida, mwanamke angeshawishika. Alijaribu kuwarudisha nyuma, waende kijijini, walale, waje tena. Miguu yao haikutii. Hapakuwa na njia nyingine mahali pale. Kulikuwa na mto na mwanamke na swali. Alipofika mara arobaini alihisi mtu nyuma yake. Mzee Kiarie alikuwa ameiteremsha miwani hadi ncha ya pua, anasoma.

"Huyo haulizi," Mzee Kiarie akasema. "Huyo anaaga."

Akarudi kwenye redio yake. Javan aliupandisha mshale juu. Kidole gumba kilikuwa cha mtu mwingine. Akafumba macho, akabonyeza.

Alipoyafumbua, mwanamke alikuwa bado yupo. Alikuwa anatembea. Waliotengeneza upya mchezo ule walikuwa wamempa miguu na muda: alikanyaga mbao za kivuko moja baada ya nyingine, fimbo ikitangulia, nguo ya samawati ikipeperushwa na upepo wa mtoni, na kila hatua ilionekana. Hakuna aliyemvuta. Hakuna aliyemfuta. Alikwenda hadi ukingo wa kioo, akasimama kama anayekumbuka jambo, akaendelea. Ilichukua muda mrefu mno. Javan aligundua kwamba alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na kwamba mkono umelowa.

Hared alikuja saa tisa, suruali ameikunja hadi magotini kwa ajili ya matope. Aliiona picha ilivyotulia na rangi ilivyokolea, akafurahi, akamlipa Mzee Kiarie. Javan alimsaidia kuufunga mtambo kwenye nailoni. Alipomkabidhi alimwuliza, kwa sauti aliyojaribu kuifanya ya kawaida, kama maneno ya mchezo mpya ni tafsiri ya yale ya zamani, neno kwa neno.

Hared alifikiri kwa makini, kama mtu aliyeulizwa ubora wa kitambaa. Alisema hajui Kijapani. Alisema anachojua ni kwamba mwenye kukarabati nyumba, akiona dirisha limekaa vibaya, halirudishi palepale.

"Pengine ni yaleyale, ndugu yangu. Pengine waliona ya kwanza ni makali, wakayalainisha," akasema. "Ile ya zamani ukiipata ndiyo itakuambia. Lakini nani bado anayo?"

Akaondoka na furushi lake kichwani. Javan alibaki amesimama penye nafasi tupu mezani. Kilichofunguka moyoni mwake mchana ule kilikuwa kimeanza kujifunga tena.

*

Alifika wodini saa kumi na nusu, viatu vimejaa maji. Nafula alikuwa mahali palepale, midomo yake sasa imeingia weusi kidogo kwenye kingo. Javan hakuketi. Alimwambia yote akiwa wima, tangu siku ya Agosti hadi mara ya arobaini, haraka na bila mpangilio, kama anayetapika. Alimwambia kuhusu lile neno la juu. Alimwambia kwamba hata sasa hajui kama swali la zamani lilikuwa hilo.

Nafula alisikiliza hadi mwisho. Kisha alinena, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Siku kumi nalala nimeketi, kwa ajili ya TV gemu ya Gichuru?"

Javan aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Nilidhani umenichoka," dada yake akaendelea. "Nimelala hapa, nikajiuliza nimekukosea nini."

Aligeuza uso akatazama ukuta, na Javan akaona jinsi maumivu yale yalivyokuwa makubwa kuliko ya koo. Alikuwa ameiogopa karatasi kiasi kwamba hakumwona mtu aliyelala nyuma yake. Nje, kengele ya saa ya chakula ililia katika wodi nyingine. Nafula aliporudi kumtazama, macho yake yalikuwa na maji lakini sauti ilikuwa tulivu.

"Wewe hukuwepo siku zile hospitalini. Mimi nilikuwepo. Baba alikataa. Siku tatu alikataa, anasema turudi nyumbani, tutafute dawa za miti. Kila akikataa, Mama alimwuliza tena. Siku ya tatu walileta wino wa kidole gumba, maana Baba hakujua kuandika, na mkono wake ulitetemeka hata haukufika kwenye karatasi." Alivuta hewa, ikachelewa kuingia. "Mama ndiye aliyeushika ule mkono, Javan. Aliukandamiza mwenyewe."

Alitaka kuongeza neno. Badala yake kikohozi kilimshika, na kikohozi hakikupata njia. Macho yalimtoka pima, mishipa ya shingo ikasimama kama kamba kandokando ya rovu, mkono wake ukatafuta kitu cha kushika hewani ukaupata ukosi wa Javan. Mluzi ulikatika. Kwa muda ambao Javan hangeweza kuupima baadaye, hapakuwa na sauti yoyote kutoka kwa dada yake. Alipiga kelele kuita. Muuguzi alikuja mbio, akamwinamisha mbele, akampiga mgongoni, akamwekea kinywani kifuniko cha mpira cha kuletea hewa. Na mwisho mluzi ukarudi, mwembamba, kama unaotoka mbali sana.

Javan alichukua karatasi chini ya kikombe. Hakuwa na kalamu. Aliichomoa kwenye mfuko wa muuguzi bila kuomba. Hakusoma. Aliandika jina lake lote, na mahali walipouliza uhusiano akaandika ndugu, na mwandiko ulipinda ukapita mstari, kwa sababu bado aliogopa, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na mkono ulikuwa ukitetemeka pia.

*

Walimchukua Ijumaa saa tatu asubuhi. Javan alikaa kwenye benchi la ushoroba, mkoba wa nguo za Nafula mapajani. Kando yake aliketi mama mmoja aliyejitambulisha kwa jina la Asenath, aliyekuwa akimngoja mumewe, naye alizungumza bila kukoma kuhusu nyumba yao kule Mathare iliyoingiwa na maji, jinsi walivyoyaona magodoro yakielea. Javan alimshukuru kimoyomoyo kwa kila neno. Milango ya chumba cha upasuaji ilikuwa na vioo viwili vya duara vilivyopakwa rangi nyeupe, hakuna kilichoonekana. Kila ilipofunguka alinyanyuka, na kila mara alikuwa mtu mwingine, mwenye ndoo, mwenye faili, mwenye shuka.

Daktari alitoka baada ya muda wa saa sita. Alisema rovu limetoka lote na koo liko huru. Alisema pia kwamba ndani yake amekuta sehemu asiyoipenda, amekata kipande kipelekwe kupimwa, na majibu yatachukua wiki tatu. Kabla ya hapo hawezi kusema hivi wala vile. Javan alimwuliza arudie, akarudia.

Nafula alizinduka saa kumi. Shingo yake ilikuwa imefungwa bandeji nene, na kwenye bandeji kulikuwa na mrija mdogo wa kutoa damu. Alikatazwa kusema kwa siku mbili. Alilala chali. Javan ilimchukua muda kutambua kwamba hicho ndicho kilichokuwa kigeni kwake, kumwona dada yake amelala chali, kifua kinapanda na kushuka bila kelele. Akainama karibu, ahakikishe. Hewa iliingia, ikatoka. Hakuweza kuacha kusikiliza.

Alimweleza kuhusu zile wiki tatu, kwa kuwa hakutaka asikie kutoka kwa mtu mwingine. Nafula aliitazama dari. Kisha akatafuta mkono wake juu ya blanketi, akaushika, wakakaa hivyo, wakiogopa pamoja, bila mmoja kumficha mwenzake.

Kengele ya kuwaondoa wageni ililia. Watu walisimama vitanda vyote, wakakusanya vikapu na vyombo, wakaagana kwa sauti za chini. Muuguzi alikuja kati ya safu mbili za vitanda, akamwona Javan bado ameketi, akafungua mdomo. Akawatazama wote wawili. Kisha akageuka, akaenda hadi mwisho kabisa wa wodi, akaanza kufunga madirisha, moja baada ya jingine, kuanzia lile la mbali zaidi.